Dalali Uliyempata kwa Kuhesabu Mababu

Garissa Mjini,
kwa mkono wa duka la Filsan,
9 Mei 1998.

Mpendwa mjukuu wangu Hamze,

Umefanya upumbavu, na nakuambia kabla ya salamu ili usisome salamu ukadhani nimefurahi. Ungeninunulia mbuzi kipofu ningenyamaza. Lakini kumpa Sakariye kazi ya kunitafutia nyumba, bila kuniuliza mimi niliyeuza mbuzi soko la Garissa miaka ishirini, hapo umenitukana.

Sasa, asalaam aleikum. U hali gani huko Jeddah? Kile kifua kimepona? Mimi goti linauma, ila bado linanifikisha ninakotaka. Naandika kwa mkono wangu, kwa Kiswahili kile cha darasa la ngumbaru, maana mwandishi wa barua wa hapa ni rafiki ya Sakariye.

Kaseti yako nimeisikiliza mara tatu. Unasema wewe na Sakariye mlizungumza kwa simu, mkahesabu mababu, na kwa babu wa saba mkakuta ni mmoja. Basi ukaanza kumwita adeer, kana kwamba alizaliwa tumbo moja na marehemu baba yako. Huyo babu wa saba Mungu amrehemu, lakini hakuwahi kujenga nyumba wala kuuza.

Unataka nimpe Sakariye hati ya kiwanja changu, ile karatasi ya kanso ya mji, iwe sehemu ya bei ya nyumba mpya. Kiwanja hicho nilikipata kwa kuuza maziwa, baba yako mgongoni. Ndicho kitu pekee duniani chenye jina langu. Nikiitoa karatasi na nyumba ikaanguka, nitalala wapi, Hamze? Ndani ya kaseti?

Nyumba aliyoipata nimekwenda kuiona. Imepakwa rangi ya kijani na mabati yake yanaumiza macho. Nilimchukua Diriye, yule dalali wa ngamia. Unamkumbuka: alimuuzia mtu wa Griftu ngamia, baada ya mwezi ikajulikana ni wa wizi. Diriye akatoa ngamia wake mwenyewe akampa yule mtu, kwa sababu sokoni dalali ndiye mdhamini.

Akamuuliza Sakariye nyumba imejengwa lini. Imekwisha mwezi wa tatu, akajibiwa. Akauliza, na mvua za mwaka jana, maji yalifika wapi hapa? Sakariye akacheka. "Mzee, hii si ngamia."

"Najua," Diriye akamwambia. "Ngamia hukataa kulala ndani ya laga."

Na ni kweli. Mkondo ule mkavu mwaka jana ulikuwa mto, niliona kwa macho yangu mizoga ya mbuzi ikipita. Wewe hukuwepo, na huyo adeer wako hakukuambia. Diriye akakwaruza ukuta kwa ncha ya fimbo, mchanga ukamwagika kama unga. Akauliza, ukuta ukipasuka, mama huyu atagonga mlango wa nani? Wa mwenye nyumba, tajiri mmoja wa Nairobi, akasema Sakariye. Nikamuuliza jina lake. Akatazama saa.

Alio, fundi aliyeipiga lipu, hunywa chai kwa jirani yangu. Nikamuuliza mshahara alipokea kwa nani. Kila Ijumaa mkononi mwa Sakariye, akasema, hakuna tajiri wa Nairobi, nyumba ni ya Sakariye mwenyewe. Umesikia? Sokoni dalali akiuza mnyama wake akasema ni wa mtu mwingine, hakuna anayeitikia salamu yake tena. Na wewe umemweka muuzaji akutetee wewe mnunuzi.

Jana alikuja na soda na tende, akaniita mama, akaomba karatasi. Eti wewe umeshakubali. Nikamwambia mimi si mzigo wa lori, nipakiwe na mtu wa Jeddah. Soda nilikunywa. Karatasi nilikuwa nimeikalia.

Sikatai nyumba. Nimechoka kuinama mlangoni kwangu kama mwizi, na nia yako ni njema, naijua. Kinachoniuma ni kwamba umemwamini mtu uliyemsikia sauti tu, mimi niliyekulea hukuniuliza hata neno moja.

Nisalimie mkeo Nimco na Muslimo mdogo, nasikia ameanza kutembea. Mama yako Nafiso anakusalimu, analia. Mimi silii. Mungu akukinge na jua la huko na utamu wa ndimi za jamaa.

Siku utakayoipata barua hii, kabla ya adhuhuri, mpigie Sakariye simu umwambie kazi yake imekwisha. Kisha nitumie kaseti nyingine, utaje kwa sauti yako kwamba dalali wako ni Diriye, anitafutie nyumba huku juu maji yasikofika. Na huyo naye usimhesabie mababu. Muulize atasimama mdhamini au hasimami.

Wako akupendaye hata akiwa na hasira,
Ayeeyo Yurub