Posa Iliyoanza na Msamaha

Jumatano, 2 Julai 2025

Wamefika! Wamefika, wamefika, wamefika! Hapa Njisi huwezi kupiga kelele ovyo mkwe akiwa sebuleni, basi napigia humu daftarini.

Rivo alikwenda kumpokea mjomba wake uwanja wa Songwe. Mzee Ralay, kaka wa marehemu mama yake, katoka Madagaska kwa ndege mbili kuja kuniposa kwa niaba ya mpwa wake. Mimi! Lusungu binti Ezekia, mchagua kakao wa ghala la ushirika, niliyegombana na Rivo siku ya kwanza tu alipokuja kununua, kisa gunia lenye ukungu. Sasa hivi nalipenda hata lile gunia.

Mzee ni mfupi, mpole. Kila akipita mbele ya baba anainama, mkono wa kulia ameunyoosha karibu uguse sakafu, "azafadi, azafadi." Mama akadhani kaangusha kitu – akainama naye! Watu wazima wawili wanatafuta kitu kisichokuwepo. Nilikimbilia jikoni kucheka. Rivo akaeleza kwamba kwao ndivyo unavyoomba kupita mbele ya watu. Baba kafurahi, anasema vijana wa hapa wanapita kama mbuzi.

Ijumaa, 4 Julai 2025

Hawa watu ni wali asubuhi, wali mchana, wali jioni. Mchele wa Kyela umepata wenyewe.

Leo Mzee Ralay kamzuia mama kukwangua chungu. Akamwaga maji juu ya ukoko, akayachemsha, akajimiminia kikombe. Ndicho kinywaji chao cha mezani! Mama aibu tupu – mgeni anakunywa maji ya kurowekea chungu, na chungu chenyewe kipya, cha wafinyanzi wa Ikombe, majirani watasemaje? Jioni nimemkuta mama mwenyewe nyuma ya jiko na kikombe mkononi. Cha pili, kasema Asifiwe. Huyu mdogo wangu hapitwi na kitu.

Posa ni kesho. Rivo katuma meseji kutoka gesti ya Bondeni: mjomba anafanya mazoezi ya hotuba, anauhutubia ukuta. Nimeisoma meseji hiyo mara tisa. Nina wazimu, najua.

Jumamosi, 5 Julai 2025

Ee Kyala, Mungu wangu! Sijui nicheke au nilie.

Binti hakai kwenye posa yake, kwa hiyo tulikuwa jikoni, mimi na Asifiwe, masikio ukutani. Baba mdogo Hezroni, msemaji wetu, akawakaribisha. Mzee Ralay akasimama, Rivo anatafsiri. Akaomba radhi kwa Mungu. Kwa wazee waliokaa. Kwa waliosimama mlangoni. Kwa mababu waliolala ardhini. Kwa kuthubutu kusema wakati wapo waliomzidi. Kwa makosa ambayo ulimi wake bado haujayafanya! Robo saa nzima ya radhi. Sebuleni wazee wetu wakaanza kunong'onezana.

Niliijua minong'ono ile. Kwetu upande wa mwanaume ukianza na msamaha maana yake ni moja tu: binti ana mimba, wamekuja kulipa faini.

Shangazi Tuntufye akaingia jikoni. Hakusalimu. Akanishika tumbo kwa mikono miwili kama anachagua tikiti sokoni. Mingapi? Mingapi nini, shangazi? Usinichezee, wee mtoto! Nikaapa. Asifiwe naye akaapa, na hakuna aliyemuuliza. Shangazi akabonyeza tena, akarudi sebuleni kutangaza – mbele ya wakwe! – kwamba hamna kitu.

Ndipo ikaharibika kabisa. Baba akasema mtu haombi radhi robo saa bila kosa. Kama si mimba, basi huyu kijana ana mke huko kwao, na sasa anadanganya wazee. Maskini Rivo wangu, Kiswahili chote kilimtoka. Akaeleza kwa shida: kwao hotuba yoyote ya heshima huanza hivyo, mtu anajivua lawama kwanza. Mjomba alikuwa hajafika hata kwenye jina langu! Na hawezi kuendelea mpaka wenyeji nao wajibu kwa kuomba radhi. Baba mdogo akajitolea kujibu. Mzee Ralay akakataa kwa upole: aliyemwita mtoto wake mwongo ndiye ajibu.

Baba? Baba yangu aliyeona heri ahame kwaya kuliko kukubali kwamba alikosea sauti? Mwaka aliouza ng'ombe wa mama bila kumwambia, alimnunulia kitenge, akakiacha kitandani, akaenda shambani. Hata neno moja hakusema!

Amesema jibu ni kesho baada ya ibada. Wageni wanaondoka Jumatatu. Asipojibu, hakuna aliyeniposa.

Jumapili, 6 Julai 2025

Naandikia jikoni, mama akipika wali, daftari juu ya gunia la mchele. Wageni wamekaa. Baba hakunywa chai. Asubuhi nilimsikia kwenye migomba akiongea peke yake, kwa ukali, nikajua tumekwisha.

Sasa anasimama. Koti la Krismasi! Anakohoa. "Mwaghonile," anasalimu. Wanaitikia. Asifiwe ananibana mkono mpaka unauma.

Anasema atawajibu wageni, lakini hawezi kuanza na wageni. Anasema kuna mtu humu ndani ameishi naye miaka thelathini na moja, na mtu huyo hajawahi kulisikia neno la radhi kutoka kwake.

Mwiko wa mama umeanguka chini.

"Neli," baba anaita. Neli! Mbele ya watu siku zote ni Mama Lusungu. "Neli, njoo ukae hapa."

Mama anafuta mikono kwenye kitenge. Anafuta. Imekauka zamani, bado anafuta. Namsukuma. Asifiwe anamsukuma. Shangazi yuko mlangoni anaita kwa mikono yote miwili. Mama hasogei – machozi yanamtoka na anacheka, jamani, anacheka! – ananinong'oneza niende nikamwambie baba kwamba yeye kasubiri miaka thelathini na moja, na baba na wageni wake watamsubiri hapohapo walipo, wali wake bado haujaiva.