Niliyemwacha Kisimani

Jumatatu, 3 Machi
Binti yangu Wambui ametoka saa kumi na mbili asubuhi, kama kawaida, kwenda kazini hospitalini. Nimebaki na nyumba yake. Mansfield, hapa Texas, bila gari ni kifungo. Nimetembea hadi mwisho wa mtaa, nikarudi.

Kurasa nne za kitabu changu cha vita. Sijiiti "mimi". Nimeiga jemadari mmoja wa Roma ya kale; kumbukumbu zake Wambui anazo tangu akisoma chuo kule Richardson. Anapigana, anaamuru, anashinda, na kila mara ni "yeye". Inanifaa. Meja aliamuru. Meja alivuka. Meja hakosei.

Alhamisi, 6 Machi
Kwenye kitabu nimefika kisimani, pale tuliposhambuliwa. Nimekwama. Sentensi moja tangu asubuhi: "Koplo na askari wake wawili walikuwa wameshakufa Meja alipoamuru kikosi kirudi nyuma." Ndivyo ripoti ilivyosema. Ripoti niliiandika mimi.

Jumapili, 9 Machi
Kanisani, Dallas. Wakati wa chai Wambui amemwambia kila mtu kwamba baba anaandika kitabu. Akaja mama mmoja, nesi, anaitwa Nekesa. Akasema ni dada yake Koplo Barasa, yule wa kisimani.

"Meja, tuliletewa barua ya mistari mitatu tu. Mama yetu bado yuko. Niandikie kaka alivyokufa, nimsomee kwa simu."

Nikasema sawa. Mwoga mimi.

Jumanne, 11 Machi
Sikuandika. Sikula.
"Baba, uko sick?" Wambui akauliza. Nikasema ni mafua.

Jumatano, 12 Machi
Nekesa amepiga. Atapitia hapa Ijumaa akitoka kazini. Nimewaza kujifanya mgonjwa. Nimewaza kurudi Nyeri. Nimezunguka sebule hii mpaka nikachoka.

Mchana nimekaa chini, nikalifuta neno "Meja". Nimeandika: Barasa alikuwa hai. Alikuwa akijibu kwenye redio. Tulipigwa risasi kutoka pande mbili, nilikuwa na watu thelathini nyuma yangu, na niliogopa. Niliamuru turudi. Aliuliza mara mbili kama tunakuja. Mara ya pili nilizima redio.

Ijumaa, 14 Machi
Nekesa amekuja na sare yake ya kazi. Nimemsomea mwenyewe, mezani. Wambui alisimama kando ya friji, mkono mdomoni. Hata yeye hakujua.

Nekesa hakulia.
"Ulizima?"
"Nilizima."

Akachukua funguo za gari, akaondoka. Chai hakuigusa. Wambui ameingia chumbani kwake na kufunga mlango. Nimeosha vikombe.

Jumapili, 16 Machi
Sikwenda kanisani. Wambui naye amebaki. Amepika uji, akaniwekea bakuli mbele.

Saa nne Nekesa akapiga. "Nimemwambia Mama yote. Anataka kuongea na wewe."

Akamuunganisha kwenye simu: sauti nyembamba, ya mbali. Nikamwambia jina langu. Nikangoja anilaani, ningekubali.

Akauliza kama mwanawe alikuwa amekula siku ile.

Nikamwambia ndiyo, Mama. Alfajiri. Chai, na mkate wake wote, na nusu ya wangu, maana aliniomba.

Nilimsikia akipumua.

"Haya," akasema. "Alipenda mkate."