Tangi au Chumba cha Bonge

Nyumbani,
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Bonge,

Pokea salamu zetu sote. U hali gani huko? Kifua kimepona? Unakula vizuri, au unashindia chai na mkate tu? Sisi wazima, ila Mama na magoti yake, unayajua.

Ule ufa wa dari ya jikoni, uliokuwa ukiucheka, umetutoa jasho. Watu wa halmashauri walikuja wakaukodolea macho, wakasema tulete mhandisi athibitishe kuwa ghorofa ya juu ni salama, la sivyo ivunjwe. Na huko juu ndiko analala Mama, ndiko kiliko chumba chako. Mama hakula siku hiyo.

Mhandisi ni mama mmoja mwembamba, hana mchezo. Mwanzoni alipiga hesabu kama ya nyumba mpya, ghorofa ikashindwa. Nikamuuliza, mbona imesimama tangu enzi za Baba? Akanieleza kuwa nyumba isiyojengwa bado huhesabiwa kwa hofu: uzito unaongezwa, nguvu ya zege inapunguzwa, maana nani ajuaye fundi atachanganyaje? Iliyokwisha simama unaweza kuipima yenyewe, na kadiri unavyoijua, ile hofu unaipunguza. Unaipunguza, huiondoi! Hilo alilirudia akinitazama mimi.

Basi yeye na vijana wake wakatoboa zege, wakapeleka vipande maabara, wakasaka nondo kwa kifaa chao. Kumbe Baba hakubania saruji! Mzee yule, bahili wa kila kitu, Mungu amrehemu. Nilikwenda kulia bafuni.

Hata hivyo hesabu ilipungukiwa kidogo. Mhandisi akasema sakafu haiwezi kubeba kwa usalama lile tangi la maji la mlangoni pako pamoja na mtu chumbani.

"Na kwa kuwa chumba hakina mtu," akasema, "kifungeni kibaki kitupu, tangi libaki."

Nisikufiche, mimi niliona sawa. Maji ya bomba huja yanapotaka. Lakini Mama akaweka kikombe chini.

"Tangi lishuke. Mwanangu mhesabu."

"Yuko wapi?" mhandisi akauliza.

"Yuko njiani."

Nikadakia kwamba huyo ahesabiwe wawili, kwa lile tumbo! Tukacheka wote, kisha Mama akageukia dirishani.

Tangi limeshushwa uani, cheti kimetoka, ghorofa haivunjwi. Sasa Mama anapandisha maji kwa ndoo, na magoti yale yale. Nikimpokea anakuwa mkali, eti ni mazoezi. Akifika juu anatua ndoo, anafungua dirisha lako, anakung'uta mto wako.

Bonge, nimekukumbuka mpaka nakasirika. Usiniambie tena habari za mwakani. Mwakani yako haina mwisho, na ngazi zile Mama hatazipanda milele. Njoo hata wiki moja, ulale kwenye kitanda chako, tukusikie ukikoroma.

Msalimie shemeji yangu. Shangazi anakusalimu, na Mjomba anauliza kama bado unajua kucheza bao au umeshasahau kufungwa.

Mungu akulinde njiani, maana Mama ameshasema uko njiani, na mhandisi ameshaandika.

Wako akupendaye,
Dada yako, yule yule mwenye mdomo.