Nipulizie Ninuse

Dada mpendwa,

Natumaini u mzima wewe na shemeji, na kile chumba chenu cha pili kimeshapakwa rangi. Sisi hatujambo kwa mdomo tu. Baba anashona kutwa. Kitindamimba wetu bado anakohoa, na akimaliza kukohoa anacheka.

Najua baba alikupigia simu kukuambia nimesimamishwa shule kwa kuvuta sigara. Ngoja nikueleze ilivyokuwa.

Siku ya somo la tumbaku, muuguzi alikuja na kipimo cha kupuliza, kinachoonyesha kama mtu ana moshi kifuani. Baba alikuwepo, anafunga ukutani kitambaa cha “Tumbaku Hapana” alichotushonea mwenyewe. Mimi na kimbelembele changu nikajitolea kupuliza wa kwanza. Taa ikawaka nyekundu, darasa likaangua kicheko. Muuguzi akaniuliza kwa upole kama navuta, au kama kuna anayevuta nyumbani. Nikajibu kuwa navuta. Baba akaondoka, kitambaa kikabaki kinaning'inia upande mmoja.

Tangu hapo, kila jioni ananiita kwenye cherehani nimpulizie usoni anuse, sigara yake ikiwa mkononi. Dirisha la chumba chetu ni lile lile, halifunguliwi, vumbi lisichafue nguo za wateja. Ananiambia nimemvua nguo mbele za watu, huku machozi yanamlengalenga. Ningecheka, dada, lakini nalia.

Sijawahi kuvuta hata mara moja. Nilidanganya kwa sababu baba alikuwa amesimama pale, pini mdomoni, mbele ya watoto wa watu, na ulimi ukakataa kumtaja. Nilidhani aibu yangu itapita upesi kuliko yake.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Muuguzi alipokwenda kuzungumza na mwalimu mkuu, alikiacha kipimo mezani. Kitindamimba alikuwa amenifuata twende nyumbani. Akadhani ni filimbi, akapuliza. Kikawaka nyekundu.

Usihangaike kunitetea shuleni. Njoo umchukue yeye, dada, nakupigia magoti. Mdanganye baba lolote, mradi mtoto atoke humu. Mimi nitabaki nimpulizie, huenda siku moja ataitambua harufu yake mwenyewe.

Msalimie sana shemeji. Niambie ukweli tu, yeye havuti, sivyo?

Mdogo wako,
Kasuku