Wapishi wa Jemadari Ndumo

Kiirua,
3 Februari 1988

Kwa binti yangu Kanana,

Salamu. Mimi ni mzima. Mama yako ni mzima wa mwili tu.

Jana alikuta kitanda chako kitupu, na kile kitabu chako cha Jemadari Ndumo kimefunguliwa juu ya mto. Pembeni mwa ukurasa umeandika: "Niko humu ndani. Anayenitaka aniandikie." Nilidhani ni mchezo. Nikasoma ukurasa wenyewe, nikakuta kwamba msichana mgeni mwenye sweta ya kijani ameingia kambini kwa jemadari. Sweta hiyo niliinunua mimi, Meru mjini!

Una wazimu? Watu wa Maua walikuja hapa na bunda la miraa la posa, limefungwa kwa majani ya mgomba kama desturi inavyotaka. Baba wa msichana akilifungua, amekubali. Basi limefunguliwa. Riungu ana lori na kanisani anajulikana. Nimwambie nini sasa, kwamba mchumba wake amehamia kitabuni? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Naiweka barua hii katikati ya kurasa. Ikikufikia, toka huko mara moja.

Baba yako mwenye hasira,
Kiogora

Sura ya Tatu

Kwa Baba,

Natumai hamjambo hapo nyumbani. Mimi sijambo, ila nina hasira kukushinda.

Unasema bunda limefunguliwa, kana kwamba lilifunguliwa na upepo. Mimi ndiye niliyekuwa nikileta chai. Mlikuwa mkizungumza habari za mvua, mkono wako ukaenda wenyewe kwenye bunda, ukachomoa kijiti ukatafuna. Mjomba wa Riungu akapiga makofi. Ulishtuka, Baba, nilikuona. Kisha ukaendelea kutafuna. Ulikosea, na badala ya kusema umekosea, ukanitoa mimi. Na barua yangu ya kuitwa chuo cha ualimu iko kabatini, ulikuwa umeisoma.

Nilisoma sura ya kambi kwa sauti huku nikilia, mpaka nikasikia harufu ya moshi wake. Njia ya kutoka naijua. Lakini sitoki mpaka umrudishie Riungu bunda zima, lililofungwa vilevile, kama desturi inavyoruhusu. Likibaki huko, nami nabaki huku.

Binti yako,
Kanana

Kiirua,
20 Februari 1988

Kanana,

Hatujambo. Baridi ni kali na viazi vimepata ugonjwa.

Bunda sirudishi. Mwanamume hatapiki alichomeza mbele ya wageni.

Halafu nikuambie kitu. Nimekuwa nikikisoma hicho kitabu ili nione binti yangu anafanya nini. Nimekuona. Unachota maji! Nikafungua mbele, nikakukuta unasonga ugali wa jeshi zima. Ulikataa kumpikia mtu mmoja wa Maua, ukakimbilia kuwapikia askari ambao hata hawapo duniani. Hiyo ndiyo akili ya chuo cha ualimu?

Baba yako,
Kiogora

Sura ya Saba

Baba,

Salamu kwako na kwa Mama. Cheka tu, una haki.

Kitabu hiki nimekipenda tangu darasa la sita, na sikuwahi kujiuliza nani anapika. Kimeandikwa tu "chakula kikaletwa." Kinaletwa na nani? Na hawa wanawake niliowakuta hapa, macho yao mekundu kwa moshi, ambao mwandishi hakuwapa hata jina. Ndumo wangu, niliyekuwa nikimwota, hupaza sauti tu: "Wewe, maji!" Wala hageuki kutazama nani ameleta. Nilitamani kummwagia.

Kwetu hakuna mtoto anayekosa jina, hurithi la nyanya yake. Hawa hawakuwa na nyanya, nikawagawia majina ya nyanya zetu na shangazi zetu wote. Mmoja nimemwita Karwirwa, akalia mpaka nikaogopa. Tangu hapo Ndumo akiita "Wewe!" hakuna anayeinuka. Kesho ingekuwa siku ya vita vikubwa. Hakuna vita. Soma mwenyewe uone.

Binti yako,
Kanana

Kiirua,
9 Machi 1988

Kanana,

Nimeona. Jemadari amekaa juu ya jiwe na njaa yake. Umeharibu kitabu cha watu.

Kosa langu ni kumsomea mama yako, kwa kuwa yeye hajui kusoma. Alikuwa akichambua maharagwe. Nilipofika kwenye hao wapishi wako, akanitaka nisome tena, na kesho yake tena. Halafu akaniuliza, "Kiogora, mara ya mwisho kuniita Ciakuthii ilikuwa lini?" Nikamwambia yeye ni Mama Kanana, kila mtu anajua. Akaweka ungo chini, na maharagwe yako pale pale hadi leo.

Mwandikie aache upuuzi. Nitamsomea.

Baba yako,
Kiogora

Kiirua,
2 Aprili 1988

Kanana,

Mama yako amekuja huko. Usijifanye hujui. Nilitoka kwenda kuuza viazi, nikarudi nikakuta kitabu mezani na jiko limepoa. Zile kurasa alikuwa ameshazikariri kwa kunisikiliza. Sasa namsoma: ameketi kando ya moto na lesso yake ya kanisani, anakula, hapiki.

Sikiliza basi. Nimenunua bunda jingine, likafungwa kwa majani ya mgomba, nikalibeba mwenyewe hadi Maua, mzee mzima. Mjomba wa Riungu alinicheka sokoni, watu wakakusanyika. Posa imekwisha. Umepata ulichotaka.

Nakula kwa hoteli ya Gedi kila siku, na Gedi ameanza kuniuliza maswali. Ng'ombe amenipiga teke mara mbili. Rudini nyumbani.

Baba yako,
Kiogora

Sura ya Mwisho

Kwa Baba,

Sisi sote hatujambo. Mama alitaka kukusalimu, kisha akasema tungoje kidogo.

Habari ya bunda imetufurahisha, na najua safari ile ilikuuma. Tulifunga virago siku hiyo hiyo. Lakini kabla ya kuondoka Mama aliniomba nimsomee barua yako, nami nikaisoma kutoka juu hadi jina lako. Mna mjomba wa Riungu na kicheko chake, mna Gedi, mna ng'ombe. Tulitafuta mahali uliposema kwamba ulinikosea, hatukupaona. Mama akadhani nimeruka mstari.

Andika nyingine, Baba. Haihitaji kuwa ndefu.

Binti yako,
Kanana