Stendi Kwanza, Darubini Baadaye

Senja, 6 Mei

Mwanangu Sunniva,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, mgongo tu na uzee wake. Wewe je? Mvua ya Bergen imekuachia hata siku moja ya kuanika nguo?

Nina ombi, na usicheke. Nataka darubini ya kupigia picha nyota, hasa Kilimia, kile kishada cha nyota. Wewe ndiye mjuzi, nichagulie. Nimeona moja gazetini, kubwa kama pipa, imenivutia sana.

Baba yako,
Halvard

Bergen, 14 Mei

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, nguo hazijakauka. Nimecheka, samahani. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nikakuomba darubini, ulinijibu kwamba nyota hazikaangwi. Nililia mpaka macho yakavimba. Leo wewe!

Achana na hilo pipa. Kosa la kila anayeanza ni kumaliza akiba kwenye darubini, kisha kuisimamisha juu ya miguu inayotetemeka. Stendi kwanza, darubini baadaye. Chukua stendi nzito yenye mota, inayozifuata nyota zinavyozunguka, uielekeze kwenye Nyota ya Kaskazini. Darubini iwe ndogo, ya lenzi. Kilimia chote kitaingia humo. Kwenye pipa ungepata nyota mbili tatu tu.

Lakini Baba, nani ananunua darubini mwezi wa Mei huko kaskazini kwenu, usiku ukiwa mweupe kama mchana? Giza halirudi mpaka mwisho wa Agosti. Subiri.

Mwanao,
Sunniva

Senja, 9 Julai

Mwanangu,

U mzima? Mimi si mzima, na leo nitasema kweli. Ni saratani ya kongosho, najua tangu Aprili. Daktari alitaja Julai. Agosti hakuitaja. Nilipokuandikia nilijua sitaliona giza. Nilitaka unieleze habari za nyota, kwa sababu zamani nilikufunga mdomo. Nisamehe.

Nilinunua vile vile ulivyosema. Stendi imenishinda kuinua, lakini haikai bure. Nimeijengea nguzo ya saruji nyuma ya banda la mashua. Jirani Oddvar alichanganya, mimi nilikaa kwenye kiti nikitoa amri. Nyota ya Kaskazini haionekani, basi kaskazini nimeipata kwa kivuli cha jua la adhuhuri. Njoo unikosoe.

Baba yako

Senja, 3 Septemba

Baba,

Leo sina wa kumuuliza hali. Mimi si mzima.

Tulipata siku tisa, na katika zote hatukuona giza hata mara moja. Nilikunywesha supu kwa kijiko, ukanitania kwamba mkono wangu unatetemeka kama stendi ya bei rahisi. Sijui nilichekaje. Kisha ukaenda.

Nimerudi kufunga nyumba. Jana giza lilikuja, nikafunga stendi kwenye nguzo yako. Kivuli chako hakikudanganya, Nyota ya Kaskazini ilikuwa pale pale, kasoro kidogo tu. Picha haikutoka vizuri maana nilikuwa nalia huku nagusa kamera. Nitapiga tena. Huku kwenu Kilimia hakizami mwaka mzima.

Ila nguzo ilinishangaza kwa ufupi wake. Wewe kwa urefu wako ulikuwa ukiinamisha kichwa kila mlangoni. Nikadhani Oddvar alikosea vipimo, na asubuhi alipoleta samaki mkavu nikamuuliza.

"Nikosee mimi?" akasema. "Baba yako alikuja na kamba aliyopima kwenye mlango wa jikoni, pale alipokuwa akichora alama za urefu wako ukikua, mpaka ile ya mwisho, akasema nguzo na stendi visipite hapo. Nikamwambia, Halvard, nguzo hii itakuvunja shingo. Akaniambia, 'Mimi sitachungulia. Wewe changanya saruji.'"

Nilisimama pale tena baada ya yeye kuondoka. Darubini inafika sawasawa na jicho langu.

Mwanao,
Sunniva