Dada Anapima Saratani Yangu kwa Futi

Mpendwa mshauri, kwa masikitiko makubwa naitangazia Nakuru nzima kwamba futi ya fundi cherehani Owuor wa mtaa wa Rhonda imepotea, wateja wavumilie, viuno vyao nitavikisia kwa macho. Sasa naomba msaada. Nina saratani ya figo, na tangu mapema mwaka huu wa 2008 nameza vidonge vya dokta, juzi nikarudi kupigwa picha ya pili ya siti skani, dokta akasema uvimbe haujapungua ukubwa, lakini pale palipong'aa mara ya kwanza walipoingiza ile dawa ya picha kwenye mshipa sasa pamefifia, damu haifiki, dalili kwamba vidonge vinafanya kazi, nami nikarudi nyumbani natembea kama bwana harusi, ingawa kwa ukali wa vidonge nyayo zinawaka moto na suruali nimeipunguza mara mbili. Basi dada yangu Milcah, aliyenilea na kunifundisha cherehani, akabandika picha zote mbili za skani dirishani, akavuta futi, akapima uvimbe.

"Wewe Owuor, hii kitu ni ile ile! Umedanganywa."

"Dada, dokta ameangalia ndani."

"Ndani gani? Kama futi inasema haijapungua, haijapungua. Nilikata suti kabla hujajua kufunga zipu!"

Mshauri, amefungia vidonge vyangu kabatini, ufunguo ameutia kifuani, eti nipumzishe mwili, na ukoo mzima unaitikia! Mwanamume mzima na mvi zangu, naanzaje kumnyang'anya dada mkubwa ufunguo kifuani? Futi yenyewe, nisikufiche, nimeikalia hapa ninapoandika.

Owuor, Rhonda

Fundi Owuor, pole. Nilicheka mpaka nilipofika kwenye kabati, hapo damu ikachemka. Nani alimpa Milcah udaktari? Koti lililoliwa na nondo bado lina vipimo vyake vyote, ndivyo na uvimbe wako, na nyinyi ni mafundi! Tena alichopima ni plastiki ya picha, si figo. Kukulea kunampa heshima, hakumpi ruhusa ya kukunyima dawa. Nawe acha kujificha nyuma ya mzaha. Leo hii mpigie dokta, umweleze dozi ulizokosa, ufuate atakachosema. Usimeze maradufu kufidia. Kisha mshike Milcah mkono mwende kwa dokta, aonyeshwe picha, aulize mpaka achoke. Akikataa kufungua kabati, maseremala Rhonda hawajaisha.

Na hiyo futi hukuikalia ili kumficha Milcah. Umeikalia usije ukapima mwenyewe, ukakuta dada yuko sahihi. Hofu hiyo mpelekee dokta. Kiti hakina jibu.